Maji Yaliyoruka Shamba Langu

Mimi si mwepesi wa kuamini watu, na sioni haya kulisema. Mama yangu alinilea hivyo. Mgeni akikusifia makande yako, alikuwa akisema, angalia kwanza amekuja na kikapu cha ukubwa gani. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kwetu milimani kutoka kupasuliwa moyo Dar es Salaam, na uani watu wakiimba na kushukuru, mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya gari namtazama anavyosalimia, na nikajiambia kwamba huyu mtu anaficha kitu.

Hakuwa amefanya lolote baya. Aliwapa wazee shikamoo zao, akawashika watoto vichwani. Ila alipofika kwa dada yake, wifi yangu, ambaye wamelala ngozi moja utotoni, alisita. Alimtazama muda mrefu kuliko inavyopasa, kisha akacheka kwa sauti kubwa, "Ahaa, na wewe umekuja!" Watu wote wakacheka naye. Mimi nimekaa na mtu huyu tangu nikiwa binti, najua kicheko chake cha kweli na kile cha kuzibia tundu.

Hospitalini nilikuwepo. Siku za kwanza baada ya upasuaji alikuwa akiona mbuzi wanakula pazia la wodi, akaniamuru niwafukuze, na nilipomwambia hakuna mbuzi akaniita mwizi. Nesi akaniambia nisiogope, huwa inatokea kwa wagonjwa wa moyo, inapita. Kweli ikapita. Mbuzi wakatoweka, akarudi kuwa mpole. Daktari akanieleza jinsi walivyochukua mshipa wa mguuni wakauweka kifuani ili damu izunguke pale palipoziba, na kwamba wakati wa kushona moyo ulisimamishwa, mashine ikasukuma damu badala yake.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia wifi jambo hilo.

"Walimsimamisha moyo?" akauliza.

"Walimsimamisha, wakauwasha tena."

"Na yeye mwenyewe alikuwa wapi muda huo?"

"Alikuwa amelala, wifi."

"Mtu aliyelala moyo wake unapiga," akasema, akajifunga kanga vizuri. "Haya. Mungu ni mwema."

Alisema Mungu ni mwema kwa sauti ya mtu anayehesabu kuku wake na kukuta mmoja hayupo. Na neno likiingia kwangu halitoki upesi.

Kwa asiyeijua milima yetu, lazima nieleze habari ya maji. Kijito ni chembamba na mashamba ni mengi, kwa hiyo wazee walichimba bwawa, ndilo tunaloliita ndiva, wakalijengea mawe na udongo. Maji hukusanyika humo usiku kucha. Asubuhi ndiva inazibuliwa, nayo yanashuka kwenye mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Leo kwako, kesho kwa jirani, zamu inazunguka mteremko mzima mpaka irudi tena kwako. Anayezibua na kuyaelekeza maji ni mtu mmoja, na zamu zote anazo kichwani. Haziandikwi. Ukimuuliza mtu wa kwetu sababu, atakujibu kwamba anayehitaji karatasi ili ajue majirani zake hafai kushika maji. Mume wangu aliirithi kazi hiyo kwa baba yake. Alijua nani amebadilishana na nani, nani ana msiba, maharage ya nani yametoa maua na hayawezi kungoja. Katika miaka yake yote sikumsikia mtu akimnung'unikia. Alipokuwa mgonjwa walimshikia kazi, na alipopona wakamrudishia kwa heshima, wakamchinjia na jogoo.

Na jambo lingine. Kwetu mwanamume akitaka kumpendeza mwanamke asiye wake hampelekei kanga. Kanga inaonekana. Anamfungulia maji. Kwa hiyo sisi wanawake wa huku hatupekui mifuko ya suruali, tunachunguza mifereji.

Basi zamu yangu ikafika. Niliamka mapema, nikashuka na jembe, nikafungua njia katika matuta, nikangoja. Jua likapanda. Mfereji ulikuwa mkavu kabisa, mjusi anatembea katikati yake bila wasiwasi. Nikaanza kupanda nikifuata mfereji, na karibu kabisa na ndiva nikayakuta maji yangu. Yalikuwa yanaingia kwa mjane.

Huyu mjane ni mtu wa Kihurio, wa bondeni kwenye mpunga, aliyeolewa huku juu, mumewe akafariki akamwachia watoto na shamba la kwanza chini ya ndiva. Ni mdogo kwangu kwa umri na ni mkimya sana. Ukimya wake sikuwahi kuupenda. Mtu anayesema, hata akisema uongo, angalau unajua ameshika nini mkononi. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa ameshuka Same sokoni, na maharage yake yalikuwa yanakunywa peke yake.

Mchana nikamuuliza mume wangu, "Baba, leo si ilikuwa zamu yangu?"

"Najua."

"Mbona maji yamekwenda kwa mjane?"

"Aliomba."

Zamu iliyofuata ikawa vile vile. Nikauliza tena, akajibu, "Nilidhani umekwisha kumwagilia." Swali moja, majibu mawili. Jibu la kweli huwa moja, nalo halibadiliki kwa sababu ya hali ya hewa.

Tangu hapo nikaanza kumwangalia kwa macho mawili. Aliacha kucheza bao na wenzake, akasema limemchosha, yeye aliyekuwa akisahau kula kwa ajili ya bao. Nikajiuliza jioni zake sasa zinakwenda wapi. Simu yake ikiita aliiacha iite, akingoja inyamaze. Nikajiuliza ni nani huyo asiyeweza kuongea naye mbele yangu. Nikimwambia jambo mbele ya watu alitikisa kichwa ndiyo, ndiyo, kisha hakulifanya. Na hasira! Mtu ambaye hakuwahi kuninyanyulia sauti alirusha kikombe kwa sababu nilimwagiza chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwa pamoja. Nikasema moyoni, mwanamume anayegombana juu ya sabuni ana ugomvi mwingine ameuacha mahali.

Kijijini nako hawakulala. Kila mtu aliyerukwa na maji alikuwa na ulimi. Wifi alikuja kukaa jikoni kwangu na kusema, bila mtu kumwuliza, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Siku ya kliniki tulishuka Same, tukapanda basi hadi Moshi. Daktari alikuwa kijana, akampa shikamoo mzee wake, akasikiliza kifua, akatazama kovu, akafurahi. Kisha akauliza vijiswali. Leo siku gani? Mwezi gani huu? Hapa tulipo ni wapi?

"Tuko hospitali, kijana wangu," mume wangu akasema. "Au wewe wamekuambia ni mnadani?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Siku na mwezi mume wangu alijibu sawasawa. Nikamkodolea macho. Huyu si mtu wa kusahau, nikasema, huyu ana kumbukumbu kama ya mdai. Daktari akanigeukia mimi. "Mama, nyumbani umeona mabadiliko yoyote? Kusahau, kuchanganya mambo, hasira? Huwa inawapata baadhi ya watu baada ya upasuaji huu."

Mume wangu akanitazama. Sikuuelewa mtazamo wake ule, nikadhani ananiomba nisifichue nyumba yetu mbele ya mtoto wa watu.

"Anakumbuka anachotaka kukumbuka," nikajibu.

Daktari akacheka tena. Tukarudi nyumbani na dawa zilezile.

Baada ya hapo nilimfuata. Aliondoka asubuhi kama kawaida, nikampa nafasi, nikapita kwa juu katikati ya miti ya kahawa. Hakwenda moja kwa moja kwenye ndiva. Alikatiza kwa mjane. Mjane akatoka akijifuta mikono kwenye kanga, hakushtuka kumwona, ishara kwamba alikuwa anamtarajia. Maneno sikuyasikia kwa sababu ya sauti ya maji. Niliona tu. Mjane aliushika mkono wa kulia wa mume wangu, akaufungua, akaanza kukunja vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, huku akimtazama usoni. Alipomaliza mkono mmoja akashika wa pili. Na yeye alisimama ametulia, amemwachia mikono yake.

Miaka yote hii mume wangu hajawahi kunishika mkono uani. Watu wa kwetu hawashikani mikono uani. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka na kulia, nikakasirika kwamba nataka kulia, nikageuka nikarudi nyumbani kuweka makande motoni, kwa sababu nilihitaji kitu cha kukoroga.

Alipokaa kula nikamuuliza, "Unakwenda kufanya nini kwa mjane kila asubuhi?"

Akaweka kijiko chini. "Niulize kitu kingine, mama."

"Ni hawara yako?"

Nilingoja ang'ake. Mwanamume asiye na kosa hung'aka. Yeye akasema, "Sema upendavyo." Akaendelea kula. Nilihama chumba. Niliendelea kumpikia na kumpa dawa zake, maana nilitaka awe hai siku nitakayojua yote.

Siku hiyo haikuchelewa. Ndiva ilijaa tope, ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwetu haikwepi mtu ila aliyefiwa. Tulitoka na majembe na karai, wanaume wakakata tope, sisi tukabeba. Nikaona wanawake wanavyompisha mjane njia, si kwa adabu, bali kama anayepishwa mwenye upele. Alibeba karai zake peke yake upande mmoja. Sikumwonea huruma hata chembe.

Kazi ilipokwisha tukakaa ukingoni, na mwenyekiti wa ndiva akasimama. Ni mzee mtaratibu, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umefunga. Akasema malalamiko yamekuwa mengi, maji yanaruka watu, na yanapoishia kila mtu anapajua. Hakumgeukia mume wangu. Nadhani alimwonea haya. Akamgeukia mjane.

"Mama, mbona maji yanakuja kwako nje ya zamu?"

"Muulizeni mgawa maji," mjane akasema.

"Tunakuuliza wewe."

Akaulizwa mara nyingine, akasema, "Sina la kusema." Watu wakaguna. Wifi, aliyekaa nyuma yangu, akanigusa bega kwa kidole kama kusema, umesikia mwenyewe.

Sheria ya ndiva inajulikana tangu zamani: anayechukua maji nje ya zamu anatolewa kwenye zamu mpaka msimu uishe. Mwenyekiti akaisema. Maana yake kila mtu aliielewa. Maharage ya mjane yalikuwa yametoa maua, ilikuwa kiangazi, na watoto wale hawakuwa na kitu kingine cha kutazamia. Mjane aliinamisha kichwa akaanza kukwangua tope kwenye jembe lake. Hakumtazama mume wangu hata mara moja. Na mimi nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa, nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Ndipo mume wangu akainuka. Aliinuka kwa shida, mkono mmoja kifuani, alivyozoea tangu apasuliwe.

"Huyu mama hajachukua maji," akasema. "Mimi ndiye sizijui zamu."

"Huzijui vipi?" mwenyekiti akauliza. "Wewe?"

"Sizijui. Tangu nitoke kupasuliwa. Nikitoka nyumbani ninazo, nikifika kwenye ndiva hazipo. Namuuliza huyu kwa sababu nyumba yake iko njiani na hana maneno. Akiwa hayupo nazibua tu, nashindwa nielekeze wapi, maji yanaingia kwake kwa sababu shamba lake ni la kwanza. Akirudi ananigombeza. Nilimwapisha asiseme. Basi."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Anatuchezea huyo! Atutajie zamu tusikie!" Wengine wakaitikia, ataje, ataje.

Mume wangu akainua mkono wa kulia. Akakunja kidole cha kwanza, akamtaja mwenyekiti. Akakunja cha pili, akataja jirani yetu wa juu. Cha tatu, akanitaja mimi. Cha nne akamtaja tena mwenyekiti. Akasimama. Akafungua vidole, akaanza upya, na mara hii hakufika hata kwangu. Waliokuwa wanacheka waliacha. Alikuwa akivikunja polepole, kwa namna ileile niliyoiona nikiwa nyuma ya miti ya kahawa, na pale ndipo nikajua nilikuwa nimeona nini siku ile. Mwanamke yule alikuwa akimfundisha majirani zake.

"Hata ya nyumbani kwako huijui?" mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini.

"Hata ya nyumbani," mume wangu akasema. "Muulizeni mke wangu, maharage yake yamekauka."

Mjane aliachiwa zamu yake. Kazi ya kugawa maji akapewa mtu mwingine siku ileile, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mti wa kuzibia ndiva. Aliukabidhi kwa mikono miwili.

Njiani kurudi nilitembea nyuma yake, nikiwa na mambo mengi mno kifuani: aibu, nafuu, na chini ya hayo hasira mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza. Asubuhi zote zile alikuwa ananiruka mimi, niliyelala naye nyumba moja na ninayezijua zamu kama jina langu, anakwenda kuuliza kwa jirani. Nikashindwa kuvumilia.

"Watu walisema una hawara, ukanyamaza. Mimi nimekuuliza, ukanyamaza. Kwa nini?"

"Mwenye hawara wanamsema, kisha wanamsamehe," akajibu. "Aliyeharibika kichwa wanamwonea huruma. Sikutaka hiyo."

"Na mimi je? Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Alivuka mfereji, akaendelea mbele. Nikadhani amesahau swali.

"Wewe ningekuuliza," akasema, "ungejua kwamba aliyerudi si yule."

Tulirudi kliniki, na safari hii nilisema yote, hata kikombe, hata alivyosita kwa wifi. Daktari hakucheka. Alimpa maneno ya kushika, akamwambia achore uso wa saa, na saa ile ilikuwa na namba zote upande mmoja. Akatueleza kwamba mishipa ya moyoni ikiziba, ile ya kichwani nayo huwa si mipya, na upasuaji mkubwa namna ile unaweza kuyumbisha ubongo. Wengine hurudi baada ya miezi, wengine hurudi nusu, wengine hubaki walipo. Na mgonjwa wa namna hii anaweza kujibu vizuri maswali mafupi, akapotea pale anapotakiwa kushika mambo mengi kwa mpangilio. Akatuambia apewe jambo moja kwa wakati mmoja, atembee, alale vya kutosha, asiache dawa. Mficha maradhi kilio humfichua, akamalizia, na nikaona mume wangu anatabasamu, kwa sababu hiyo ilikuwa methali ya baba yake.

Mjane nilimpelekea mkungu wa ndizi. Akaupokea, akasema ahsante dada. Hatujawa marafiki. Najua sasa ukimya wake una thamani gani, lakini bado unanisumbua, na sitajifanya vingine.

Wifi yeye hajashawishika. "Kaka yangu ana akili nyingi," aliniambia tukichambua mboga. "Ameshinda kesi kwa kushindwa kuhesabu." Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, ila si wifi peke yake. Nusu ya mteremko huu wanaamini ule ugonjwa ulitungwa palepale ukingoni, mtu akiwa na vidole vyake mkononi.

Wiki iliyopita nilimtuma dukani. Chumvi tu, jambo moja, kama alivyosema daktari. Dukani ni karibu, unaweza kuita mtu akakusikia. Alirudi jua limeshapanda, hana chumvi, na suruali imelowa mpaka magotini.

"Ulikuwa wapi?" nikauliza.

Akafikiri. Alifikiri kwa bidii, paji la uso limekunjamana, akinitazama mimi kana kwamba jibu ninalo.

"Sikumbuki, mama."

Nilitazama tope lililokuwa kwenye viatu vyake. Kuna tope la ndiva, na kuna tope la shamba la kwanza chini ya ndiva, na hakuna mtu duniani anayeweza kuyatofautisha. Nikapiga magoti nikamvua viatu, nikamletea suruali kavu. Nilimwamini. Siku nyingi namwamini.